Uwanja wa gofu juu ya malisho ya kijiji: wenzetu wanafanyaje?

Mkazi wa Cheyo (Tabora Mjini)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Naleta kwenu jambo ambalo limetukalisha vikao vitatu bila kufikia mwafaka. Sisi ni kikundi kidogo cha wapenzi wa gofu hapa Tabora. Baadhi yetu ni wastaafu waliojifunza mchezo huu walipokuwa kazini Dar es Salaam na Arusha, na wengine ni vijana waliowahi kubeba mikoba ya fimbo za wachezaji huko huko kabla ya kurudi nyumbani. Kwa miaka miwili tumekuwa tukifanya mazoezi pembeni mwa uwanja wa shule, jambo ambalo si salama kwa wanafunzi na linawaelemea walimu waliotuvumilia kwa muda wote huo. Mwaka huu tulikwenda kuzungumza na viongozi wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Uyui, ambako kuna eneo la wazi lenye mwinuko mdogo, miembe mikubwa michache na ukoka wa asili uliotambaa vizuri, tukaomba turuhusiwe kuweka mashimo 9.

Jibu tulilopewa lilikuwa la kiungwana na halikuwa na kificho. Mwenyekiti alitueleza kwamba eneo lile ni malisho ya kijiji, kwamba ng'ombe, mbuzi na kondoo wa kaya nyingi hula pale tangu wazee wake hawajazaliwa, na kwamba kama mchezo wetu unaweza kukaa pamoja na mifugo, basi tuandike maombi yapelekwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kama nia yetu ni kuzungushia uzio na kuwaondoa wachungaji, alisema, tusijisumbue kuandika.

Kikundi kimegawanyika. Upande mmoja unasema kwamba uwanja wenye ng'ombe na samadi hauwezi kuitwa uwanja, na kwamba ni afadhali tutafute ardhi ya kununua hata kama itatuchukua miaka kumi. Upande wa pili, ambao mimi nimo, unasema kwamba Uingereza na Ireland kuna viwanja vya siku nyingi ambako mifugo hula majani katikati ya wachezaji na mchezo unaendelea. Udhaifu wetu ni kwamba haya tumeyasikia tu, na mwenzetu anapouliza yanafanyikaje, hatuna la kumjibu.

Ninaomba msaada wa yeyote mwenye ujuzi, awe wa mchezo, wa mifugo au wa ardhi. Wenzetu hao wanailindaje grini, yaani lile duara la nyasi zilizokatwa karibu kabisa na ardhi ambamo shimo lenyewe limechimbwa? Ni mifugo ya aina gani inayofaa, na masika, udongo ukiwa umelowa, hali inakuwaje? Aidha, upande wa mashariki wa eneo hilo kuna ngitili ya kijiji, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Wenzangu wawili wanataka tuombe sehemu yake kwa sababu nyasi zake ni nzuri kuliko kwingine kote. Mimi nasita, lakini sina hoja ya kitaalamu ya kuwapa.

---

Mzaliwa wa Isevya

Ndugu Mkazi wa Cheyo, ulichosikia ni kweli, na sehemu yake nimeiona kwa macho yangu. Nilisoma kusini-magharibi mwa England, na Jumamosi moja mwenzangu wa darasani alinipeleka Northam, kaskazini mwa jimbo la Devon, kando ya bahari. Pale ndipo ulipo uwanja wa klabu ya Royal North Devon, ulioanzishwa mwaka 1864, ambao ndio mkongwe kuliko vyote nchini England kati ya vile vinavyochezewa mpaka leo mahali pale pale vilipoanzia. Tulipofika, farasi walikuwa wamesimama katikati ya njia ya nyasi na kondoo wamelala ukingoni mwa shimo la mchanga wakijikinga na upepo. Mchezaji mmoja alisubiri, farasi wakasogea walipotaka wenyewe, naye akapiga mpira wake bila manung'uniko yoyote.

Nilimuuliza mwenyeji wangu kwa nini klabu haiwaondoi wanyama wale. Alinijibu kwamba klabu haina mamlaka hayo. Ardhi ile ni malisho ya pamoja, na wakazi wa Northam wana haki ya kulisha mifugo yao pale, haki ambayo ilikuwapo kabla mtu yeyote hajapiga mpira wa kwanza. Nakuomba ulishike jambo hilo kuliko mengine yote nitakayoandika hapa, kwa sababu karibu kila uwanja wa aina hii una historia inayofanana na hiyo: mfugaji alitangulia, mchezaji akaja baadaye akaomba nafasi.

Brora, kaskazini mwa Scotland, ambako mwaka 1923 uwanja ulipangwa upya na James Braid, bingwa aliyekuwa ameshinda mashindano makubwa ya The Open mara tano, kondoo na ng'ombe walilishwa kwa miongo mingi, na kila grini ilizungushiwa uzio mwembamba wa umeme ambao mchezaji aliuvuka kwa hatua moja. Minchinhampton, katika jimbo la Gloucestershire, ng'ombe hufunguliwa mwezi Mei, wakati majani yameshakua, na hubaki kwenye uwanda huo mpaka majira ya baridi yanapokaribia. Barabara za magari hupita humo humo, na madereva huhimizwa kupunguza mwendo kwa sababu ng'ombe hulala hata juu ya lami. Mulranny, magharibi mwa Ireland, kuna uwanja wa mashimo 9 kama mnaoutaka ninyi, juu ya ardhi ya malisho ya pamoja, na grini zake zimezungushiwa nyaya. Pennard, kusini mwa Wales, ni ng'ombe na farasi wadogo.

Sitaki hata hivyo muamini kwamba mambo haya hujiendea yenyewe. Kisiwani South Uist, huko Scotland, uwanja wa Askernish uliopangwa mwaka 1891 na baadaye ukaachwa, ulifufuliwa na kufunguliwa tena mwaka 2008. Baadhi ya wakulima wadogo wenye haki ya malisho waliona haki yao inaliwa, na ugomvi huo ukafika mpaka Mahakama ya Ardhi ya Scotland. Hata St Andrews, mahali ambapo wacheza gofu wa dunia nzima hupaita nyumbani, pamewahi kugombaniwa: mwaka 1797 mji uliokuwa umefilisika uliiachia ardhi ile mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura, sungura wakachimba mashimo kila mahali, na kesi kati yao na wachezaji ilidumu kwa miaka mingi, hadi mwaka 1821 mwenye shamba mmoja wa jirani, James Cheape, aliponunua ardhi hiyo na kuuokoa mchezo. Mkataba usipoandikwa mwanzoni, utaandikwa mahakamani, na huko utawagharimu pande zote mbili.

---

Mtunza Nyasi (Moshi)

Nimetunza nyasi za viwanja vya gofu kwa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo nitajikita kwenye mambo ya uwanja na kanuni.

Wanaosema kwamba uwanja wenye samadi hauwezi kuitwa uwanja hawajazisoma kanuni za mchezo wenyewe. Kanuni za kimataifa, ambazo husimamiwa na vyama viwili vya gofu, R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, zimekwisha kuwafikiria wanyama. Kinyesi cha mnyama huhesabiwa sawa na jani lililoanguka: mchezaji anaruhusiwa kukiondoa popote uwanjani, mradi mpira wake usisogee. Mpira uliotulia ukisogezwa na ng'ombe, unarudishwa ulipokuwa bila adhabu. Mpira ulio mwendoni ukimgonga mnyama kwa bahati mbaya, unachezwa pale uliposimama, isipokuwa kama ulisukumwa ukiwa juu ya grini, ambapo pigo hilo halihesabiwi na linarudiwa. Tangu mwaka 2019 mchezaji anaruhusiwa pia kusawazisha alama za kwato kwenye grini kabla ya kupiga. Kwa maeneo mengine, kamati yenu inaweza kuweka kanuni ya mahali inayomruhusu mchezaji kuutoa mpira kwenye shimo la kwato. Jinja, nchini Uganda, kanuni ya namna hiyo iliwekwa kwa ajili ya nyayo za viboko waliokuwa wakipanda usiku kutoka ziwani, basi sioni sababu ya Tabora kushindwa na nyayo za ng'ombe.

Kuhusu grini, nawashauri msianze na nyasi. Grini ya kawaida hukatwa kwa urefu wa milimita 3 mpaka 5, hutaka maji kila siku ya kiangazi, mashine maalumu na mtu wa kuishinda kutwa. Kwa hali ya hewa yenu, ambako mvua hukatika Aprili au Mei na hairudi mpaka Novemba, mtashindwa kabla ya mwaka kwisha. Viwanja vingi vya maeneo makame barani Afrika vilitumia duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili usipeperuke, ukawa unasawazishwa kwa ubao kabla ya kila pigo. Mchanga una faida nyingine kwenu: ng'ombe hana cha kula juu yake, hivyo hana sababu ya kukaa pale.

Nawaonya pia msidhani kwamba mifugo ni mashine ya bure ya kukata nyasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, klabu ya Augusta National kule Marekani ilifungwa kwa wachezaji, ikaweka ng'ombe wapatao 200 uwanjani ili wakate nyasi na walete mapato. Ng'ombe walikula maua na kutafuna magamba ya miti ambayo klabu ilikuwa imeigharamia kwa miaka, na baada yao ilibidi wafungwa wa kivita wa Kijerumani waletwe kusaidia kuukarabati uwanja. Ng'ombe wale waliwekwa pale na klabu ya gofu, si na wafugaji. Mchungaji ndiye anayeleta tofauti.

---

Afisa Mifugo Mstaafu (Nzega)

Nashukuru kwa maelezo ya Mtunza Nyasi, ambayo nayaafiki isipokuwa moja, nalo ni la hatari kiasi kwamba nalitanguliza. Tafadhali msitumie oili chafu mahali ambapo ng'ombe wanapita. Ng'ombe ana tabia ya kulamba kitu kigeni, hasa anapokosa chumvi na madini, na oili iliyotoka kwenye injini imewahi kuua ng'ombe kwa sumu ya risasi katika nchi nyingi. Isitoshe, mvua ya kwanza itaisomba mpaka kwenye lambo wanakonywea. Tumieni mchanga mtupu, mwagieni maji kidogo kabla ya kucheza, na kubalini kwamba upepo utawapa kazi.

Kwa sababu hiyo hiyo, angalieni sana mbolea ya urea. Nimewahi kuitwa kwenye boma moja ambapo ng'ombe wanne walikufa ndani ya saa chache baada ya kulamba mfuko uliopasuka. Mfuko wa urea usiachwe uwanjani hata kwa dakika kumi. Dawa ya kuua magugu, mkilazimika kuitumia, ina muda wa kungoja ulioandikwa kwenye kibandiko, na katika muda huo mifugo isile mahali palipopuliziwa. Ushauri wangu ni kwamba msiitumie kabisa. Vipande vya waya na misumari viokotwe kila jioni, maana ng'ombe humeza bila kuchambua, na waya ukitua kwenye tumbo la pili unaweza kutoboa mpaka karibu na moyo.

Sasa nijibu swali la aina ya mifugo. Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Huzungushia majani ulimi wake na kuyakwanyua, kwa hiyo huacha nyasi zenye urefu wa vidole viwili au vitatu, jambo ambalo linafaa kwa sehemu za pembeni lakini halitoshi kwa njia ya kuchezea. Kondoo ana mdomo mwembamba, na mdomo wake wa juu umepasuka katikati, hivyo hufika karibu na ardhi na kuacha uso uliosawazika. Ndiyo sababu viwanja vya kale vya pwani ya Scotland vilistawi penye kondoo. Mbuzi hana hamu kubwa na ukoka. Kazi yake nzuri ni kuzuia vichaka visirudi. Mkiwa na mchanganyiko wa wote watatu, kama ilivyo kwa kaya nyingi za Wanyamwezi na Wasukuma, mmepata zaidi ya walichonacho hao wa ng'ambo.

Kuna jambo moja ambalo mtaligundua mwezi wa kwanza tu: ng'ombe hali karibu na samadi yake mbichi. Mahali ilipodondoka patabaki na kishungi cha majani marefu, na uwanja utakuwa na madoa kama chui. Kondoo hawasiti kula penye samadi ya ng'ombe, hivyo wakifuata nyuma ya ng'ombe watavipunguza vishungi hivyo. Watakaosaidia zaidi ni mbawakawa wale wanaoviringisha samadi na kuifukia. Kwenye udongo wetu wa kichanga, mwanzo wa mvua, nimeona rundo zima likitoweka kwa siku mbili. Wadudu hao hufa au hushindwa kuzaa wanapokula samadi ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa ya minyoo ya aina ya ivermectini, kwa hiyo zungumzeni na wenye mifugo ili wanaotoka kuchomwa walishwe kwingine kwa wiki kadhaa.

Kuhusu masika, chimbeni kwa jembe mahali mbalimbali kabla ya kuchora ramani. Palipo na luseni, ule udongo wa kichanga wa mwinuko, ng'ombe wa asili mwenye kilo 250 hataleta madhara makubwa hata mvua ikiwa kubwa. Palipo na mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni, kila kwato itaacha shimo ambalo kiangazi litakauka na kuwa gumu kama tofali. Msiweke shimo lolote la mchezo mbugani. Na mkitaka ng'ombe wasikusanyike mahali fulani, msiwapige. Peleka jiwe la chumvi upande mwingine, nao watakwenda wenyewe.

---

Binti wa Igunga

Shikamoo Afisa, na wengine wote nawasalimu. Nimesoma majibu yote kwa makini. Yamezungumza vizuri juu ya ng'ombe. Naomba mniruhusu nizungumze juu ya anayetembea nyuma ya ng'ombe, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 46, na ukipigwa na mtu mwenye nguvu huenda kwa kasi kuliko gari lolote barabarani. Huko England mifugo hufunguliwa na kuachwa ijilishe. Kwetu kila kundi lina mchungaji, na mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili ambaye ameketi chini ya mti na huenda hajui kwamba kuna mtu mita 200 nyuma yake ameinua fimbo. Kwa hiyo kanuni yenu ya kwanza, kabla ya ile ya kinyesi na ya kwato, iwe kwamba hakuna anayepiga mpira wakati kuna mtu au mnyama mahali mpira unapoweza kufika. Atakayevunja kanuni hiyo asicheze tena.

Njia rahisi ya kuitimiza ni kugawana saa. Makundi mengi hutoka bomani saa mbili au saa tatu asubuhi, baada ya kukamuliwa na umande kupungua. Saa sita au saa saba yako majini, kisha hupumzika kivulini, na kurejea nyumbani saa kumi na moja. Ninyi mnaweza kucheza kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi bila kukutana na mtu. Mchezo wa mashimo 9 huchukua takriban saa mbili. Kama ratiba hiyo inawashinda kwa sababu ya ofisi, basi Jumamosi na Jumapili zinatosha.

Ngitili msiiguse, Ndugu Mkazi wa Cheyo, na hoja unayoitafuta ni hii. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, watu wakajinyima majani yaliyo mbele ya macho yao kwa miezi yote ya neema, ili ifunguliwe kiangazi kikali, mwezi wa saba au wa nane, wakati ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na maksai wa kulimia hawana pengine pa kwenda. Nyasi zake ni nzuri kwa sababu hiyo tu. Shinyanga, ambako ardhi ilikuwa imegeuka jangwa machoni pa watu, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulirejesha miti na majani kwenye eneo kubwa kwa kufufua desturi hii ya ngitili, huku mabaraza ya jadi ya dagashida yakisimamia faini za wanaoivunja. Kwa mfugaji, kuomba kipande cha ngitili kwa ajili ya mchezo ni sawa na kuomba ghala lake la chakula. Hata kuitaja tu mbele ya mkutano kutawafanya wanakijiji wawashuku kwa kila neno litakalofuata.

Kwa kuwa Mzaliwa wa Isevya ametaja mkataba, naomba nieleze yanayopaswa kuwamo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya pamoja ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na jambo kama hili lisiamuliwe na mwenyekiti na wajumbe wachache ofisini. Likae mbele ya mkutano mkuu, na wachungaji na akina mama wanaokata nyasi za kuezekea pale wawepo na wasikilizwe. Iandikwe kwamba hakuna uzio wa kudumu utakaojengwa, leo wala baadaye. Iandikwe kwamba njia za mifugo kwenda majini hazitazibwa wala kupindishwa. Iandikwe nani atalipa ng'ombe akivunjwa jicho na mpira, kwa bei ya mnadani na ndani ya siku ngapi. Na muda wa makubaliano uwe mfupi, mwaka mmoja mmoja, ili kijiji kiwe na nafasi ya kusema hapana bila kugombana na mtu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeona mahali ambapo wageni waliomba kupita, wakaomba kukaa, na mwaka wa tatu tulikuta bango limeandikwa kwamba kulisha ni marufuku. Bibi yangu alikuwa na ng'ombe saba. Aliwauza watano kwa mwaka mmoja.

---

Mtunza Nyasi (Moshi)

Afisa, kuhusu oili chafu umenisahihisha, na nakubali. Nilikuwa nafikiria mchanga peke yake bila kumfikiria anayeulamba. Ningependa kuongeza kwamba mchanga mtupu ukilowanishwa alfajiri na kushindiliwa kwa gogo zito la kuviringisha, hukaa vizuri kwa saa mbili tatu, muda ambao unalingana na ratiba aliyoitoa Binti wa Igunga. Kwa mchanga hamtahitaji hata uzio wa umeme. Mkiamua baadaye kupanda nyasi kwenye grini moja au mbili, uzio wa sola unatosha: hutoa mshtuko mfupi mara moja kwa takriban kila sekunde, unaomshtua mnyama bila kumdhuru, na baada ya siku chache ng'ombe hujifunza kuuheshimu. Huo uwe wa kuondolewa na kurudishwa, usivunje sharti la mkataba.

---

Mkazi wa Cheyo (Tabora Mjini)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza niyafikishe maneno yenu kwenye kikundi. Jana tulikaa kuanzia saa tisa mpaka magharibi, nikawasomea kila jibu.

Suala la ngitili limefungwa. Wale wenzangu wawili walisikiliza hoja ya Binti wa Igunga, na mmoja wao, ambaye mama yake ni wa Bukene, alisimama akasema kwamba alikuwa akiijua desturi hiyo tangu utotoni na kwamba anajilaumu kwa kuitamka. Tumeondoa pia grini za nyasi kwenye mpango na tumepitisha mchanga mtupu. Kuhusu saa za kucheza, wastaafu hawana tatizo na alfajiri, na vijana watakuja mwisho wa juma.

Leo asubuhi watatu kati yetu tulikwenda uwandani na jembe kama Afisa alivyoelekeza. Upande wa juu wote ni luseni. Huku chini, tulipokuwa tumechora shimo la sita na la saba, jembe lilitoa udongo mweusi unaonata, na palikuwa na alama za kwato za masika yaliyopita zilizokauka, mguu wangu ukazama humo mpaka kwenye kifundo. Tulipokuwa pale, kijana mchungaji alipita na kundi lake akituuliza tunachimba nini. Tulimweleza, tukamwonyesha ramani, naye akatuonyesha kwa fimbo yake kwamba mstari wa shimo la nne unakata njia ambayo makundi matatu hutumia kwenda kwenye lambo. Hatukuwa tumeiona, kwa sababu kiangazi hiki majani yameifunika nusu.

Kwa hiyo tumefuta mashimo yote matatu. Yamebaki 6, ambayo tutayazunguka mara moja na nusu ili kupata 9, na hakuna aliyelalamika sana. Rasimu ya mkataba nimeanza kuiandika usiku huu kwa kufuata mambo yale manne, na la tano nimeliongeza mwenyewe: kijana mchungaji yeyote anayetaka kujifunza mchezo afundishwe bila malipo, kwa saa zinazomfaa yeye.

Mkutano mkuu wa kijiji umepangwa Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, chini ya mwembe ulio karibu na ofisi ya mtendaji. Afisa, Nzega si mbali sana na sisi. Kama afya na nafasi vinakuruhusu, tunakuomba uwepo, kwa sababu watakapouliza habari za urea na waya ningependa wakusikie wewe kuliko mimi.